Waya wa Ardhi

Ploti namba kumi na tisa, Kaptembwo.
Vyumba kumi na viwili, mita moja,
na waya mwembamba unaotambaa juu ya boriti
umevishwa nailoni ya mkate pale ulipochunika.

Nafula wa chumba cha saba ananionyesha ukuta:
soketi imeota weusi kama kitako cha sufuria.
"Mvua ikinyesha," asema, "mlango wa chuma unauma.
Watoto wamezoea. Wanaufungua kwa ndara."

Wanaufungua kwa ndara.
Nimeandika hivyo hivyo kwenye fomu,
katika mstari mmoja ulioachiwa maoni mengine.

Mzee Gathuita amekuja na hati mkobani
kana kwamba nimeitwa kupima mipaka.
"Anayelalamika ahame. Geti halina kufuli."
Namweleza: hafukuzwi mtu kwa kusema ukuta unamchoma.
Namweleza: karatasi hii ina muhuri, na muhuri una siku zake;
zikiisha hujarekebisha, tutaonana mbele ya hakimu.
Anacheka. Ana ardhi, mzee huyu,
ploti tatu hapa na shamba Subukia,
ila waya wa ardhi hana hata shubiri.

Nina mamlaka ya kukata.
Neno zito ofisini, jepesi kwenye koleo.
Lakini cherehani ya Nafula ni ya stima,
na sare thelathini zimelala kitandani bila mikono,
na Jumatatu shule zinafunguliwa.
Sheria haikuniambia nitazame wapi
ninapomwokoa mtu kwa kumtia gizani.

"Kata," akasema mwenyewe,
akanimulikia kwa simu.
"Mikono nitaishona kwa mkono."

Nikakata.
Redio zikanyamaza ploti nzima.
Mtu akanitukana kutoka bafuni, povu machoni,
nami nikaona ana haki.

Siku ya tisa alikuja fundi mwenye leseni,
si yule shemeji wa mwenye ploti.
Akachimba kando ya kamba za kuanikia,
akapigilia fimbo ya shaba
kwenye udongo wetu wa Nakuru, mwepesi kama majivu,
akasema mahali hapa panataka maji.
Nafula akaleta beseni lake la kufulia,
akamwaga, povu na yote.

Watoto wakachuchumaa, miguu mitupu,
wakauliza kimepandwa nini
na kitaota lini.