Kamba ya Zolboo

Asubuhi nimekukuta umegeuka.
Nilikulaza kichwa kikielekea mlango,
nikatoka kukamua yaki wawili,
niliporudi, mlangoni pana nyayo zako
zinapiga hewa mateke.
Baba yako akasema ni blanketi limeteleza.
Sikumbishia. Nikamimina chai ya chumvi,
nikakaa kukuchungulia.

Kifudifudi, unajisukuma kwa viganja,
kifua kimebanduka zuliani,
shingo imesimama kama ya mbuzi
aliyenusa mbwa mwitu.
Unanyosha mkono mmoja kuufuata upawa,
mkono wa pili unakusaliti:
pu! pua chini.
Hulii. Unapumua kwa hasira, unaanza tena.

Jana ulikwenda nyuma.
Macho yalikuwa kwenye upawa uleule wa shaba,
mwili ukarudi kinyumenyume
mpaka miguu ikaingia uvunguni.
Hapo ulilia, kilio cha mtu aliyedhulumiwa,
maana kadiri ulivyojitahidi
ndivyo upawa ulivyokukimbia.

Na magoti! Usiku umeyakunja chini ya tumbo,
makalio juu,
ukawa unayumba, mbele, nyuma, mbele, nyuma,
kama lori la Gombo lililokwama thelujini:
injini inanguruma,
magurudumu hayajashika ardhi.

Katikati ya hema letu kuna jiko la chuma.
Tangu Oktoba linakula samadi kavu,
tumbo lake jekundu,
na huku Altai hakuna anayelizima kabla ya Mei.

Bibi yako Tserendulam hakusema neno.
Alifungua sanduku la rangi ya chungwa,
akatoa kamba ya manyoya ya ngamia
iliyomfunga baba yako kiunoni,
ikamfunga na shangazi yako
(huyo sasa anaendesha kreni mjini).
Akaifunga kwenye mguu wa kitanda,
akainyoosha kuelekea jikoni,
akapima kwa shubiri: ikomee hapa.
Akakutazama. Akafikiri.
Akarudisha fundo shubiri moja nyuma.
“Huyu ana mikono mirefu.”

Kesho, labda. Au keshokutwa.
Miezi saba nimekuombea uanze safari,
na ni mimi ninayelikaza fundo kwa meno.

Upawa nimeuweka pale kamba inapoishia,
kidogo upande huu.