Miraba Tisa

Tabu alikufa Februari, chini ya tangi la maji,
na tangu siku ile Sajini hulala upande mmoja tu wa kiti,
nafasi ya mwenzake ameiacha pale pale,
kama mtu anayemshikia mwingine zamu benki.

Ana miaka kumi na minne. Sikio la kushoto lina pengo.
Vumbi la kiwanda cha saruji limehamia mgongoni mwake,
na dagaa siku hizi namsagia,
maana meno yamebaki ya kuonyesha wageni.

Nikasema: nimtafutie mwenzi.
Kusema ni rahisi.

Sokoni Tororo, Amoding muuza ufuta akaniuliza,
"Kwani panya wamekuzidi?"
Panya! Panya wa nyumba hii hukatiza sebuleni
wakimwamkia Sajini kwa cheo chake.
"Si panya," nikamwambia. "Upweke."
Akatazama mizani, akaongeza konzi moja juu ya kipimo.
Hakuuliza upweke wa nani.

Wa kwanza aliletwa ndani ya boksi la sabuni,
kitoto cha rangi ya chai ya maziwa.
Nililipa shilingi mia tano; paka wa bure, walisema, hakai.
Akapanda pazia. Akapanda redio. Akampanda Sajini.
Mzee wangu akainuka, kiungo kimoja kimoja,
akatoka kukaa kwenye manyunyu
kama abiria aliyeshuka stesheni isiyo yake
na hataki mtu ajue.
Siku ya tatu nilikirudisha kwa wajukuu wa Othieno.
Mia tano sikudai.

Nikaanza kuulizia paka wa makamo.
Kota nzima ya reli ilicheka.
"Mama Nyafwono, paka mzee hatafutwi.
Unaamka tu siku moja, unaye, na mmezeeka wote."

Hadi Ekisa, aliyekuwa akipaka rangi mabehewa,
aliponitumia salamu: anahamia Soroti kwa binti yake,
mjukuu ana pumu, na yeye ana paka.
Jike. Jicho moja. Jina lake Risiti,
kwa kuwa alizaliwa kwenye droo ya karatasi hizo.

Alimleta kwa baiskeli, ndani ya tenga la kuku.
"Maziwa hanywi," akasema.
"Radi ikipiga, mfungulie kabati.
Usimwite kwa sauti, hatakuja.
Koroga kijiko ndani ya kikombe kitupu."
Kisha akainama,
akajaza upepo gurudumu lililokuwa limejaa.

Sakafu yangu nyekundu ina miraba;
marehemu mume wangu aliichora kwa uzi, saruji ikiwa mbichi.
Sikujua kama ingekuja kuwa rula.
Usiku wa kwanza, kati yao, miraba tisa.
Wiki ya pili, sita.
Kisha saba, kwa sababu ya kichwa cha sangara
ambacho mpaka leo hakuna aliyekubali kosa.
Nne. Nne. Nne. Mwezi mzima wa nne.

Ikaja radi ya Agosti, ile iliyopiga nguzo karibu na Mwamba.
Nilikuwa usingizini, kabati nimelisahau.
Sajini hasikii tena; radi kwake ni mwanga tu.
Nilipofika na tochi
Risiti alikuwa juu ya kiti,
wala si kwenye nafasi ya Tabu.
Alikuwa amejipenyeza upande wa pili, ule usioachwa wazi,
amesukuma, amesukuma,
mpaka yule mzee, kwa kinyongo chake chote,
akasogea nusu mwili
mahali ambapo miezi sita hakupagusa.

Nilizima tochi. Betri ni ghali.

Jumapili Ekisa hupiga simu. Hana mengi:
mvua ya Soroti, mtama, kifua cha mtoto.
Halafu hunyamaza.
Nami huweka simu mezani,
nachukua kikombe kitupu,
nakoroga,
ili asikie kucha zikija sakafuni,
na nyuma yake, polepole, zile nyingine.