Kisanduku cha Viatu

Jumapili, Zugdidi hunyesha mvua isiyo na haraka,
nasi huenda kwa Mzevinari, meza ya karibu na jiko,
kwa sababu mguu mbovu wa meza ile naujua:
niliutegea karatasi iliyokunjwa tangu mavuno ya zabibu.

Mke wangu Eteri hufungua kitabu kabla ya supu.
Hasomi kwa maringo. Husoma kama mtu anayefuma soksi,
mkono ukipapasa mkate bila macho kufuata,
mara nyingi hushika chumvi.
Binti yetu Tekle huhesabu matone dirishani,
hukosea makusudi ili nimsahihishe.

Mhudumu, Gocha, huchukua agizo kwa Kijojia,
lugha ya shule, ya benki, ya kitabu cha Eteri.
Kisha hugeuza shingo, na kupitia pazia la jikoni
hulirusha agizo lile lile kwa Kimegreli.
Hatua tatu tu kutoka meza hadi pazia
na sima ya mahindi imebadili jina,
jibini limebadili jina,
hata mimi, kule nyuma, ni "yule wa Tsiala".

Lugha ya mama sikufundishwa hata herufi yake moja.
Ndiyo maana nina kisanduku cha viatu.
Wenzangu wana njiwa, wana santuri;
mimi hukusanya maneno,
nyuma ya risiti, pembezoni mwa gazeti,
kwa herufi za Kijojia, herufi za kuazima,
kama koti la binamu: mabegani linakaa, mikononi limepunguka.
Zipo sauti mbili zinazobaki nje kwenye baridi.
Eteri husema, "Wenzio huleta maua nyumbani,
wewe umeniletea neno la kutu ya ndoo."
Lakini kesho yake alilitumia. Nilimsikia uani.

Mama hakujua kwamba nakusanya.
Alipojua alicheka hadi akatafuta kiti.
"Unayaweka sandukuni? Kwani yamekufa?"
Tangu hapo kila akipiga simu hunipima:
hutaja neno, hunyamaza, hungoja nijikwae.
Na kabla ya kukata husema lile la siku zote,
ambalo kwa lugha yetu ni kama kusema *nikuzunguke*,
yaani baya linalokujia linikute mimi kwanza.
Hilo sijaliandika. Sijui kwa nini.
Kila nikishika penseli huishia kuichonga.

Leo Gocha amemletea Tekle sima iliyosongwa na jibini,
uzi mrefu kutoka kijikoni hadi kidevuni,
akamwuliza kwa Kijojia, "Inatosha, binti mfalme?"
Na Tekle, aliyeshinda likizo nzima kwa bibi yake
wakifukuza kuku kwenye tuta la vitunguu,
akafungua kinywa, akatoa kwa Kimegreli kisicho na doa
jina ambalo mama yangu humwita jogoo mharibifu.

Mkahawa mzima ukashusha vijiko.
Nyuma ya pazia, sufuria ikaanguka.
Mzevinari akatoka, unga hadi viwikoni:
"Nani? Nani kasema hivyo?
Tusi hilo sijalisikia tangu tumzike shangazi!"
Akambusu Tekle, akamwachia alama nyeupe shavuni.
Gocha kasimama pale pale, kalipokea tusi kama bakshishi.
Eteri amefumba kitabu, kidole bado ndani,
analia kwa kicheko, ananivuta mkono nimpe maana,
na maana, kwa Kijojia, inapoa kabla ya kufika.

Nikatafuta risiti mfukoni.
Tekle akainama juu ya mkono wangu, pumzi ya jibini:
"Baba, linaandikwaje?"
Herufi ya kwanza ilikaa. Ya pili ikasita.
Ya tatu ni mojawapo ya zile za baridini.
Nikaacha nafasi, upana wa punje ya mahindi,
nikamwambia alitamke tena, polepole,
naye akalitamka, si polepole hata kidogo,
na jikoni wakaitika.