Jiwe la Kilo Tano

Kidato cha tatu, Wete, saa sita na nusu.
Harufu ya karafuu imepanda madirishani
kutoka majamvini, barabara nzima imeanikwa,
nami ubaoni nimeandika: Sababu za Mapinduzi ya Viwanda.
Makaa ya mawe. Chuma. Mvuke. Mito.
Wananakili kama wanaomeza dawa.

Time Hamad, vidole vimekoza rangi ya kuchambua usiku,
akanyoosha mkono:
"Mwalimu, makaa si yalikuwemo ardhini tangu Nuhu?
Mbona hayakuwaka mapema?"

Kitabu hakikujibu. Kengele ikaniokoa.

Njiani nilirudi na baba yangu kichwani,
Mbarouk Shaame, karani wa mizani,
misimu ishirini na sita kituo cha Mzambarauni.
Alikuwa na jiwe la matumbawe,
alilichonga kidogo kidogo hata likawa kilo tano,
halina hati wala muhuri.
Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza,
alilipandisha mbele ya watu. "Tazameni wenyewe."
Mshale ukitulia kwenye tano,
ndipo watu wakishusha mizigo.

Time, pengine Ulaya iliinuka kwa mawe kama hilo.
Amsterdam walijenga nyumba nzima kwa ajili ya mizani,
katikati ya mji, mlango wazi,
tajiri na mchuuzi wa jibini wakapimiwa uzani mmoja.
Kwingine mfalme alikopa akasahau,
akakopa tena, akasahau tena,
hata wenye fedha wakazifukia chini ya vitanda.
Kwingine mfalme akafungwa mkono kwa sheria,
fedha zikatoka mafichoni, zikaenda kuchimba makaa.
Na kwingine mkulima alikuwa mali ya shamba, kama mti;
na mti hauvumbui kitu.

Hapo ningekoma, nikajipa vema.

Lakini nyumba ile ilipima na karafuu.
Na ili bei isishuke, wenye mizani ya haki
walituma mashoka visiwa vya mbali, visiwa kama hivi,
yakaangusha mikarafuu ya watu, moto ukamalizia.
Haki ilikuwa na mlango,
na mlango ulikuwa na bawabu.

Na baba.
Mwaka wake wa mwisho, mgongo hauinuki,
aliniita, akauambia ukuta:
"Msimu mmoja niliacha jiwe nyumbani.
Mkubwa alisema kituo kina upungufu, ufidiwe.
Nilitia kidole gumba. Gramu mia mbili, kila gunia.
Watu hawakusema neno.
Asiyesema naye anapima.
Msimu wa pili yake foleni ikawa nusu,
na usiku magunia yakavuka kwenda Mombasa
bila karani, bila risiti, bila taa.
Redioni waliitwa wahalifu.
Magendo hayakuanzia baharini, mwanangu.
Yalianzia kidoleni."

Kesho yake nilikwenda skuli
na jiwe ndani ya kikapu cha mchicha.
Nililiweka mezani. Time akalinyanyua,
akalikadiria kwa kiganja.
"Kilo tano?"
"Kapime."

Akatoka nalo, darasa zima nyuma yake,
mpaka dukani kwa Bi Raya, kwenye mizani ya sukari.
Walirudi wamechelewa, wanabishana, vumbi hadi magotini:
mizani ya Bi Raya imesema tano na robo.

"Bi Raya mwizi!" akasema mmoja.
Time hakusema hivyo. Alilitazama jiwe,
kisha akanitazama mimi,
binti wa karani.
Ikiwa mizani ya duka ni ya kweli,
basi asubuhi zote zile, mbele ya macho yote yale,
robo nzima ilimezwa na jiwe tulilolisifu.

"Sasa," nikauliza, "kipi kimedanganya?"
Sauti ilikuwa ya mwalimu.
Chini ya meza, miguu yangu ilikuwa ya mtoto
anayesubiri mshale utulie.