Nusu ya Mgongo

Walilipandisha juu ya magogo, gereji ya Mabatini,
lile Fuso la Mzee Ng'wandu lenye bodi bapa kama kiganja,
nami nikaitwa nije nishike.
Shika hapa, Lubango. Shika pale. Usilegeze.
Mpakuaji hushika; hiyo ndiyo elimu yangu.

Miaka tisa nimelipakua lori hili.
Dagaa wa Kirumba, magunia yanayonuka mpaka ndotoni,
pamba ya Magu, saruji, mara moja harusi nzima
na makochi yake, bibi harusi amekaa kwenye kochi,
mara moja jeneza la shangazi, kwa kivuko cha Kamanga,
nalo tulilishusha polepole kuliko mayai.

Sasa dagaa wamepungua, au bei imewakimbiza,
sijui; wanaojua hawapakui.
Ila Buhongwa wanajenga. Kisesa wanajenga.
Kila mwenye kiinua mgongo anataka mchanga mlangoni,
na Mzee amepiga hesabu nyuma ya risiti ya dizeli:
bodi bapa, safari tatu kwa siku.
Tipa, saba.

Nkwimba ndiye fundi. Ovaroli ya marehemu baba yake,
miwani myeusi, moto wa bluu unamtii.
"Chasisi haitobolewi ovyo," aliwaambia vijana,
"wala hailehemiwi mgongoni. Ule ni uti.
Ukiuchoma leo, utakatika siku lori limebeba,
mlimani, na mtu yuko ndani."
Akalaza ubao wa mkongo kati ya chuma na chuma
visigombane.
Akapachika bawaba mbili nyuma, pini nene kama mkono wa mtoto,
na tumboni jeki ya mtumba
kutoka tipa lililopinduka Usagara,
bado ina rangi ya ajali.

Jeki ile niliishika mimi. Kilo tisini, bega la kulia,
mpaka Nkwimba akaingiza pini,
na jasho langu likadondoka juu ya kitu
kilichokuja kula ugali wangu.
Nilijua. Msidhani sikujua.
Kupakia bado watanihitaji: mchanga haurukii garini.
Kupakua, hapana.
Nusu ya mgongo wangu imeachishwa kazi.

Tulipong'oa mbao za zamani, chini yake:
magamba ya sangara, kichana, sarafu isiyonunua tena kitu,
na kandambili ya kushoto, yangu,
niliyomsingizia Shija kaiiba, mpaka tukapigana.
Shija yuko Kahama siku hizi.
Nimpigie simu nimwambie nini?

Siku ya kujaribu, bodi ilipanda robo, ikatetemeka, ikagoma.
"Hewa kwenye mafuta," akasema Nkwimba,
akalegeza nati, ikatema povu, akaikaza.
"Tafuteni usawa. Tipa likimwaga limeinama
hulala ubavu kama mlevi."
Na Mwanza usawa uko wapi?
Mji umekaa juu ya mawe, kila nyumba imeegemea jirani.
Tukazunguka mpaka uwanja wa shule, watoto wakiwa likizo.

Kisha ikapanda.
Sitasema uongo: ilikuwa nzuri.
Iliinuka mpaka nikaona ziwa chini yake,
kipande cha ziwa, kati ya chuma na chuma.
Mchanga ukafikiri kidogo. Ukashuka wote.
Sekunde thelathini na moja; nilihesabu.
Sisi tulikuwa wanne, saa moja na nusu,
na chai katikati, na uongo wa Shija.
Kwenye ile risiti ya dizeli
chai haikuandikwa.

Nkwimba akavua miwani, akanitazama.
Hakusema pole. Alisema, "Zile mbao, chukua."
Nikatengeneza kitanda.
Kigumu, kina matundu ya bolti,
na mvua ikinyesha kinanuka Kirumba.
Mke wangu analalamika.
Mimi nageukia ukutani, naweka kiganja juu ya ubao:
bapa, umetulia, hauinuki.