Boliti ya Kumi na Tano

Kitabu kinasema kumi na nne.
Nimezihesabu kwa kidole, kisha kwa penseli,
na kila moja nimeitia kopo lake la jemu
lenye namba, kama watoto niliokuwa nikiwapeleka shule
kwa basi, miaka thelathini, nisimsahau hata mmoja.
(Mmoja nilimsahau. Alilala kiti cha nyuma. Hiyo ni habari nyingine.)

Nje theluji ya Burträsk imefika dirishani.
Ndani ya ghala Volvo ya Evert haina milango,
haina viti, haina macho;
nyaya zake nimezifunga vitambaa:
nyekundu ni honi, kijani ni taa ya breki,
buluu nimeiandikia "sijui."

Siku tisa tumeshindana na kutu.
Kutu haina haraka, wala haiendi likizo:
bandu bandu, na gogo lilikuwa linakwisha
huku kaka yangu akigawa mikate alfajiri
na kupiga mluzi.
Boliti ya sita tuliipaka mafuta, tukaibembeleza,
tukaichoma moto, tukaitukana kwa heshima.
Ya tisa ilikatika shingo.
Ya kumi na moja ikafunguka kwa vidole, bila neno,
na hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko zote.

Leo Melker, kijana wa jirani, anavuta mnyororo wa winchi.
Boriti ya dari inalia.
Bodi inainuka kidole kimoja, viwili, lakini mbele tu.
Nyuma, kushoto, imegoma:
fremu nzima inaifuata juu,
gurudumu moja hewani,
kama mtoto aliyeng'ang'ania sketi ya mama yake mlangoni.

"Shusha," nasema. "Shusha! Taratibu!"

Nalala chini, tochi mdomoni.
Saruji ina baridi ya kung'ata uti wa mgongo.
Na pale, nyuma ya tangi, chini ya lami nyeusi,
kichwa cha boliti ambacho kitabu hakikijui:
kinene, cha pembe nne, cha mashine ya kukamulia ng'ombe.

Mwaka wa sabini na nne Evert aligonga paa wa kaskazini,
yule mkubwa kuliko farasi.
Akarudi kwa miguu, akasema gari ni zima.
Mama akauliza, na wewe?
Akasema gari ni zima.
Usiku tukasikia keekee ghalani.
Asubuhi mikate ikawafikia wenyewe, ya moto.

Kumbe hii ndiyo iliyoshika.
Si kiwanda, si kitabu. Kipande cha zizi
na mkono wa mtu asiyetaka kuulizwa.

Melker analeta spana ya trekta.
Inazunguka robo. Inapumzika. Robo tena.
Kisha sauti, si kubwa,
kama mtu anayevua buti baada ya safari,
na bodi inaning'inia peke yake,
nyepesi, ya kuonea haya,
na chini yake fremu: mifupa miwili mirefu
na viota vya panya vilivyofumwa kwa risiti za unga.

Tunaisukuma fremu pembeni. Hakuna anayesema kitu.
Halafu kijana anauliza:
"Tukija kuirudisha, tunaitoboa tena hiyo?"

Kopo la kumi na tano sina.
Nimeitia mfuko wa koti,
inanipiga pajani
nikienda kuchemsha kahawa.