Kidude cha Thuwaiba

Ukuta wetu mmoja, Thuwaiba,
udongo na chokaa,
sauti hupenya kama maji kwenye kifuu kilichotoboka.
Ndiyo maana nilijua kabla ya mama yako
kwamba umeletewa kitu:
ta. ta. ta. ta.
Nikasema, bomba hilo. Nikatoka na ndoo.
Bomba kavu, kama Jumanne zote za Jadida.

Ukanionesha mwenyewe dirishani:
kisanduku cha mbao, kichwa chembamba,
na ulimi wa chuma unaokataa kila kitu,
hapana huku, hapana kule.
"Metronomu," ukasema. "Ya klabu.
Maalim Shineni kaniazima mpaka msimu uishe.
Anasema fidla yangu inakimbia
kama mwenye deni."

Mie nikarudi kwenye jamvi langu.
Karafuu zimejaa ukumbi mzima,
na mchambuaji halipwi kwa saa, hulipwa kwa pishi.
Kidole gumba cheusi,
kinanukia hadi kwenye uji.

Ulianza na sitini.
Sikukusudia, wallahi,
lakini mkono ni mtoto, hufuata ngoma.
Ta, karafuu. Ta, kikonyo.
Ukikosea, nasita na shada mkononi.
Ukianza upya, naanza upya.
Usiku ule nilipima pishi nne,
mie ambaye tatu zilikuwa zikinitoa jasho.

Sabini na mbili.
Themanini, ukanadi kama dalali wa samaki.
Ila pale penye mpando, pale unapopapenda mno,
ulikimbia bado. Nilisikia:
kidude nyuma, wewe mbele,
mama anaita, mtoto haangalii,
na mie katikati sijui nimfuate nani.
Nikafuata kidude. Nisamehe.
Kidude ndicho kilichokuwa na pishi.

Kisha Alhamisi ile hukukitia ufunguo.
Ta. Ta.
Ta.
Kikalegea kama mzee anayesinzia katikati ya khutuba,
kikanyamaza.
Fidla ikajikokota hatua tatu, ikatetereka,
ikasimama.
Tukakaa kimya, wewe kwako, mie kwangu.
Hata mbu nilimsikia.

Sijui nani alinituma.
Nilichukua lile pishi la bati, tupu,
na kijiko cha uji,
ta, ta, ta, ta,
na wala sikuhesabu.
Themanini ilikwishalala mkononi.
Nawe hukuuliza ni nani.
Ukaweka upinde, ukaingia,
na pale penye mpando
hukukimbia. Ulipanda
kama mtu anayejua ngazi zake gizani.

Nilikosa kuchambua usiku ule. Hata pishi moja.

Sasa kidude kimerudi klabu,
majamvi yamekunjwa, makonyo yameshauzwa,
na mjukuu wangu ananiuliza
mbona bibi unafagia kama askari wa gwaride.
Nimwambie nini?

Ila nimepiga hesabu, na hesabu haina haya:
msimu huu nimezidisha pishi kumi na moja,
na nusu yake ni haki yako.
Fedha iko kwenye kopo la chai, juu ya kabati.
Njoo uichukue.
Piga hodi yoyote, usiseme jina.
Nitakujua kwa mwendo.